Mnyamwezi Hauzwi

Mwantumu, Mzaramo wee,

Barua za watu huanza na "mie mzima, hofu na mashaka ni kwako." Yako siwezi kuianza hivyo. Kwako hofu imekwisha. Umelala zako pale nyuma ya mikorosho ya baba yako, na hofu yote umeniachia mie huku juu. Ndivyo mlivyo nyie watu wa pwani. Kula mnakula wote, kuosha vyombo mnamwachia mgeni.

Nimekaa kibarazani kwako hapa Kibamba, juu ya mkeka wako, ule wa mistari myekundu uliokuwa ukinifukuza nisiukanyage na miguu yangu ya kipagazi. Leo nimeukalia na viatu nimevaa. Njoo unitoe basi.

Nakuandikia kwa sababu yule mtoto amezaa. Ndiyo, yule mtoto wetu wa soksi. Juzi tunda lake la kwanza limepasuka. Tulia, usirukeruke huko wakakushangaa. Nitakwambia rangi yake ikoje, ila si sasa hivi. Kwanza nina ugomvi na wewe, na kwa kuwa leo huwezi kunikatiza kama ulivyozoea, nitausema mpaka mwisho.

Umetangulia, Mwantumu. Hatukukubaliana hivyo. Siku ya harusi ya mwanao Mwajabu ulisimama mbele ya watu ukasema nikifa mie utajifunga shuka langu kiunoni, utawaonyesha waombolezaji jinsi ninavyotembea kama mtu aliyebeba gunia, na jeneza langu halitatoka mlangoni mpaka ndugu zangu kutoka Tabora wakutoe kwa mbuzi. Watu walicheka mpaka bibi harusi akaharibu wanja. Mie nikalala usingizi mzuri usiku ule, maana nilijua siku yangu ikifika sitazikwa kimya. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, na mtani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kucheka mahali ambapo kila mtu analia. Sasa umekwenda zako, kazi ukanigeuzia mie. Umenidhulumu, na nasema waziwazi.

Unakumbuka siku niliyofika hapa? Bibi shamba mpya, baiskeli ya serikali, kofia pana. Ulinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani ukauliza kabila. Nikasema Mnyamwezi. Weee! Ulipiga vigelegele utadhani umeletewa mahari. "Jamani, mpagazi wetu kaja! Mzigo umeutua wapi?" Nikakujibu nimekuja kuhakikisha kama ni kweli Wazaramo wanalala mchana. Ukanivuta mkono ukanikalisha jikoni nyuma ya nyumba, mbele ya lile sufuria lako jeusi, ukanipa kijiko nikoroge.

Ndani mlikuwa na mbegu za mzingefuri. Nilikuwa nikiuona mti huo kwenye nyua za watu, wenyewe wakiuita mti wa rangi, matunda yake yana miba laini kama shokishoki na mbegu zimejipaka wekundu mpaka ukizigusa unashinda kutwa na vidole vya muuaji. Lakini sikuwahi kumwona mtu anayeujua kama wewe. Ulizichemsha mbegu kwenye maji ya majivu, ukatumbukiza ukindu wa kusukia mikeka, kisha ukauzamisha kwenye maji ya ukwaju ili rangi ishike. Ulipoutoa ulikuwa na rangi ya papai lililoiva. Mie nikasifu. Wewe ukasonya. "Ukiuanika wiki moja unakuwa kama umeugua. Jua linaila rangi hii. Mbegu zenyewe wekundu wake haba."

Siku zile ndiyo kwanza serikali imesema ruksa kuleta bidhaa za nje, na kila kitu kikaingia. Ikaingia rangi ya unga, unaikoroga tu na maji ya moto, wenzako wote wakahamia huko. Ikaingia mikeka ya plastiki yenye picha za tausi, soko la Temeke likajaa tausi tupu, na wasusi wakaanza kuuza maandazi. Wewe uliikodolea macho ile mikeka, ukaibonyeza kwa kidole, ukamwambia muuzaji, "Mkeka huu ukizikiwa mtu, maiti atateleza." Halafu njiani ukaniambia lile neno ambalo sijalisahau. "Kabula, mie sishindani na plastiki. Mie nautaka mzingefuri wenye wekundu mpaka plastiki ione haya. Kama mti huo haupo, tuutengeneze."

Tuutengeneze! Ulisema kama mtu anayesema tukaange samaki.

Mie nilijua kubebesha, maana tulifundishwa kwenye michungwa na miembe. Unakata kikonyo cha mti mzuri, unakichonga, unakifunga juu ya shina la mche mwingine, vikishikana mti mpya unakuwa yule yule mzuri. Mbegu haina uaminifu huo. Ukipanda mbegu za mzingefuri mmoja, kila mche unaota na tabia zake, kama watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo tukasema tupande mbegu nyingi, tuchague, tutupe wabaya, waliobaki tuwabebeshe. Ua wako ukajaa makopo ya mafuta na miche. Mwajabu akawa hana pa kuanika nguo.

Na tukachagua vibaya, Mwantumu, tukachagua vibaya sana! Msusi huchagua ukindu kwa macho, akitazama nje tu anajua ndani, na wewe ulitazama miti kama unavyotazama ukindu. Ukataka ile yenye maganda mekundu, mekundu ya kuwaka. Yenye maganda ya kijani ukaing'oa ukaitupa nyuma ya bafu. Mie na kofia yangu ya serikali nikakubali, naam, ganda jekundu lazima mbegu nyekundu. Misimu mizima tunachagua maganda, na sufuria linatoa papai lile lile.

Kule nyuma ya bafu mmoja kati ya wale waliotupwa akashika mizizi. Akanywa maji ya sabuni akawa mrefu kupita wenzake wote. Sura hana, ganda lake la kijani lililopauka, matawi yameinama kwa wingi wa matunda. Ulimwonyesha kila mgeni. "Tazameni, kaja kuoga hajaitwa, na mizigo juu. Huyu ni Mnyamwezi." Jina likamganda. Kila ukitaka kuni ulimtishia. "Mnyamwezi, leo yako!" Halafu unamwacha. Nilikuuliza mbona humkati, ukasema ukimkata utamtania nani mie nikiwa kazini.

Kisha ukapewa kazi ya mikeka ya harusi kule Mbezi, na mbegu zikakupungukia. Ukaenda nyuma ya bafu ukanung'unika, ukavuna za Mnyamwezi ili tu sufuria lijae. Mie nilikuwa kwenye shamba la mafunzo la serikali napalilia. Nikasikia kelele, nikadhani kuna nyoka. Nakuona unakuja mbio, kanga moja inaburuzika, umeinua juu fungu la ukindu linalochuruzika, mikono myekundu mpaka viwikoni. "Kabula! Kabula! Mpagazi kumbe alibeba kitu!"

Sijawahi kuona wekundu kama ule kwenye jani la mkindu. Haukuwa papai tena. Ulikuwa wekundu wa ndani, wekundu wa kitu kilicho hai. Tulifunga vipande vyake kwenye mwamba wa paa upande wa jua, tukangoja, na jua likala kidogo likashiba, rangi ikabaki. Ulicheza peke yako uani. Na mie, kwa kuwa zamu yangu ya kucheka ilifika, nikachukua ule mti wako mzuri kuliko yote, wenye maganda ya kuwaka na mbegu za bure, nikautangaza jina mbele ya majirani. Mzaramo. Nje mapambo, ndani hewa. Ulininyima chai siku ile, na ya pili yake.

Nakumbuka tulivyobebesha. Wa kwanza wote walikufa. Ulikaa nao kama wagonjwa, ukawapepea, ukawafungua na kuwafunga tena vipande vya mfuko wa rambo mpaka nikakupiga vibao vya mikono, acha kuwashika-shika! Baadaye wakaanza kushika, Mnyamwezi mmoja, Mnyamwezi mwingine, mstari mzima kule upande wa barabara ya Morogoro. Hapo mtu mwenye akili angeridhika. Wewe ukasema, "Na tukiwaoza?" Ukataka sura ya Mzaramo na moyo wa Mnyamwezi, ganda jekundu la kuwavutia wanunuzi na mbegu nyekundu ya kuwanyamazisha. Nikakuonyesha namna ya kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua kwa unyoya wa kuku, na kulifunika ua ili nyuki wasituharibie nasaba. Ukaenda sandukuni ukatoa soksi za marehemu mumeo, ukaikata kila moja vipande, ukayavalisha maua. Kibamba nzima ikapita kutazama wanawake wawili wanaovalisha miti soksi. Uliwajibu, "Mume wangu alikuwa na wivu, acha soksi zake zilinde ndoa za wengine."

Walipotupunguza kazini, baiskeli ikarudi serikalini na kofia pia, ndugu zangu waliniandikia nirudi Tabora. Wewe hukuandika kitu. Ulikuja na Mwajabu na panga, ukafyeka pembe ya shamba lako, ukasema jenga hapa. "Serikali inaweza kukuacha. Mtani haachwi." Nililia na wewe ukanicheka, na nilikushukuru kwa kunicheka kuliko wote walionionea huruma.

Sasa yule mgeni wa Msasani. Najua unakunja uso, lakini lazima nimtaje, maana yote yaliyofuata yalipita kwake. Alikuja na gari lake jeupe, mtu mstaarabu, anavaa saa kubwa. Alikuwa akinunua mbegu za mzingefuri apeleke nje, kwa sababu huko Ulaya wameanza kuogopa rangi za kiwandani kwenye vyakula vyao, wanataka rangi ya mmea. Akaziponda mbegu za Mnyamwezi kwenye kiganja. Akatuambia kuna watu kwenye maabara zao wanatafuta kile kitu hasa kinachouletea mti huu wekundu, wakikipata wakitie kwenye mmea mwingine, nyanya au hata majani ya kawaida, shamba zima litoe rangi. Ukamuuliza, "Na hizo nyanya wameziuliza?" Akacheka. Kisha akasema hataki mbegu. Anataka matawi. Akasema huu ni mti wa porini tu uliojiotea, atatupa kitu kizuri, tumpe matawi akabebeshe kwake.

Wa porini! Makopo yale, soksi zile, misimu ile, halafu wa porini.

Nilitaka kumjibu vibaya. Wewe ukaniwahi, taratibu kabisa, huku unaendelea kusuka. "Bwana, mbegu nitakuuzia kila msimu, karibu. Tawi hapana. Tawi ni yeye mwenyewe. Mnyamwezi hauzwi. Biashara ya kuuza watu ilishapigwa marufuku." Alicheka mpaka akajifuta machozi, akanunua mbegu zake, akaondoka. Ulipohakikisha gari limepotea ukaniambia, bila utani hata chembe, "Kabula, huyu atarudi. Usikubali. Huu ndio urithi wa Mwajabu, sina mwingine."

Na hukungoja hata arudi. Presha, wakasema. Asubuhi ulinitukana uzuri tu kwa sababu ya jembe nililoliacha nje, mchana hukusema tena. Sina la kusema juu ya mchana ule. Nimejaribu hapa na kalamu imekataa.

Nitakwambia ya msibani, maana hukuyaona, na ungeyapenda.

Walipokwisha kukuosha na kukusalia wakainua jeneza, na mie nikajua kwamba zamu ni yangu na hakuna wa kunisaidia. Nikajifunga kanga yako, ile ya maembe. Nikatembea kama wewe, kiuno mbele, shingo pembeni, nikawakaripia watu kwa sauti yako: "Nani kaacha jembe langu nje?" Wanawake wakaanza kucheka huku wanalia. Nikajilaza mlangoni. Nikasema hapiti mtu.

Kaka yako Shomari alikuwa mbele amebeba. Macho mekundu, jasho linamtoka. Akaniuliza, "Haya mtani, unataka nini?" Wakanitupia shilingi, nikazitupa. Wakaniletea kuku, nikamwachia akakimbia. Nikasema namtaka Mnyamwezi. Mtu akapiga kelele, "Mnyamwezi anamtaka Mnyamwezi!" Kicheko kikaenda mpaka barabarani. Shomari naye akacheka, maskini, cheko la mtu aliyechoka. "Mchukue! Mchukue na ukoo wake wote, tupishe." Nikamwambia, nasikilizwa na wote, mti ni wangu, na mtautoa mikononi mwangu siku mtakaponirudishia huyu mliyembeba.

Hapo kicheko kikakatika. Shomari akanitazama, akatazama jeneza. Akasema, "Sawa."

Nikainuka nikawapisha. Wanaume wakaenda kaburini, na mie nikaenda nyuma ya bafu nikamkumbatia yule mti mbaya nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Watani hawalii, wanasema. Waongo.

Arobaini yako ilipokwisha, lile gari jeupe likarudi, na Shomari ndani yake. Usimchukie kaka yako, nakuomba. Kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi kimewafungia geti, ana watoto wengi kule Temeke na mke mgonjwa. Lakini alikuja na kamba ya kupimia. Akasema shamba lilikuwa la baba yenu, yeye ndiye mwanamume aliyebaki, analiuza lote, na Mwajabu atapewa chochote. Mwajabu alisimama tu na mtoto mgongoni. Yule mgeni akasema kwa adabu kwamba ardhi yenyewe haina maana kwake, anachohitaji ni ule mti na wenzake, bila hiyo hanunui.

Basi nikatoka kwangu na panga. Usicheke. Nikasimama chini ya Mnyamwezi. Nikamwambia Shomari ardhi uza ukitaka, kaburi la dada yako lichungulie kwenye ua wa mtu, shauri yako. Lakini hapa pwani ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mnazi wa mtu haufuati shamba likiuzwa. Na mti huu, pamoja na ukoo wake wote, ni wangu. Ulinipa wewe Shomari, kwa mdomo wako, siku ya jeneza.

Akapandisha sauti. "Ule ulikuwa utani, Kabula!"

Nikapandisha yangu. "Nani kakudanganya kwamba utani ni mchezo?"

Majirani wakajaa. Akaitwa mjumbe, yule mzee wetu mwenye redio ambaye hupenda kila kesi iishe kabla ya taarifa ya habari. Tukakaa hapa hapa kibarazani. Shomari akaeleza, mie nikaeleza, kila mwanamke aliyekuwa msibani akaeleza, wengine mara mbili. Mgeni wa Msasani akawa anatazama saa yake na sisi, sisi na saa yake, haelewi kama tunagombana au tunacheza. Mjumbe akamuuliza Shomari kama siku ile alisema mchukue. Akasema alisema. Je, mtani alitaja cha kukombolea? Alitaja. Na yeye Shomari alijibu nini? Alijibu sawa.

Mjumbe akazima redio. "Basi kilete, mwanangu. Kilete, mti ukombolewe."

Mwantumu, Shomari akajifunika uso kwa mikono yote miwili akalia, kilio cha mtoto mdogo, cha mtu ambaye msibani alibeba na kupanga na kuhesabu wageni na hakupata nafasi. "Siwezi," akasema. "Siwezi kumrudisha." Tukalia wote. Hata mjumbe. Mti ukabaki na mwenyewe, na mgeni akaondoka bila ardhi, maana bila mti hakuitaka, na shamba liko pale pale na Mwajabu ndani yake.

Kaka yako hakuondoka mikono mitupu, usiniwazie vibaya. Nilimbebeshea miche mizuri, akaipanda uani kwake Temeke, na sasa anavuna na kuuza mbegu kwa yule yule wa gari jeupe. Mbegu tu. Anajua fika akimpa mtu tawi nitahamia kwake na kulala mlangoni, na mie nakoroma.

Yule bwana bado anakuja kila msimu. Safari iliyopita alinishauri, kirafiki, tubadilishe jina la mti, tuutafutie jina la kisasa ambalo wateja wa nje watalitamka, maana Mnyamwezi, alisema, halina mvuto. Nikamwambia aliyempa jina hayupo kutoa ruhusa. Akaniambia pia kwamba maabara zile zikifaulu, miti yetu haitahitajika tena. Wafaulu, nikamwambia. Nyanya yao ikitoa wekundu kama huu, wajue tu kuna mahali panaitwa Kibamba ambapo wanawake wawili walifika kabla yao, na unyoya wa kuku.

Haya. Sasa mtoto.

Wale miche wa ile ndoa ya soksi wengi ni wa bure, nakwambia ukweli. Mmoja alitoa ganda zuri na mbegu kavu, Mzaramo mtupu. Mwingine alitoa uso wa kijani na mbegu haba, sijui huyo alimfuata nani, labda nyuki alipenya soksi. Walipokuwa wakikatisha tamaa, Mwajabu alitaka kuwang'oa wote. Akabaki yule wa karibu na dirisha lako, uliyempanda mwenyewe wiki ile ya mwisho na kumwagilia kwa kikombe chako cha chai. Alichelewa. Wenzake wanachanua, yeye anatafakari. Juzi asubuhi ganda lake likapasuka, na ganda ni jekundu, Mwantumu, jekundu la kuwaka. Mie nikasema basi, ni mapambo tu. Mwajabu akachukua mbegu moja akaisugua kiganjani.

Kiganja kizima kikageuka chekundu. Tuliwasha moto, majivu, sufuria lako, ukwaju. Ukindu ulipotoka nilitafuta neno la rangi ile nikalikosa. Mwajabu akasema, "Mama angepiga kelele." Basi nikazipiga mie, kwa niaba yako, nikakimbia uani kutoka huku mpaka kule na kanga inaburuzika, nimeinua ukindu juu. Majirani walitoka wakidhani kuna nyoka.

Na hapo mwanao akanifanyia kitu. Alingoja nitulie, nikiwa nimekaa chini nahema, akaja akachutama mbele yangu. Unajua alivyo mpole, tulikuwa tukisema huyu hana utani, damu ya pwani imempita pembeni. Akanitazama machoni. "Mamdogo, siku yako ikifika, mie ndiye nitakayelala mlangoni. Nitajifunga shuka lako. Nitawaonyesha watu unavyotembea kama umebeba gunia. Na hutoki humo ndani mpaka Wanyamwezi wanirudishie mti wa mama yangu."

Nilimtukana. Nikacheka, nikamtukana tena, kisha nikamshika kichwa nikalia juu yake. Kumbe hukuniacha bila mtani. Kumbe mti unayo njia ya kurudi nyumbani, na njia yenyewe ni mie.

Kwa hiyo ugomvi wangu naufuta, nusu. Nusu nyingine tutaimalizia huko. Lakini sina haraka, usininyapie. Nakuahidi, mpaka siku ile mwanao atakaponizuia mlangoni, Mnyamwezi hatakatwa, hatauzwa, na jina habadilishwi, hata waje na magari meupe yakajaa kutoka hapa mpaka Mbezi. Na nitakuja na mikono myekundu mpaka viwikoni, ili unijue kwa mbali.

Sasa nautikisa mkeka wako, nimeuchafua kweli. Lala, Mzaramo. Kulala mnajua. Mizigo niachie mie.

Mtani wako,
Kabula